Uji wa Kupandisha Kinga

Muuguzi alipotamka "dawa za kushusha kinga", mama yetu aliacha kumsikiliza. Nilimwona. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba wake wa kanisani mapajani, akiitikia kila neno kwa kichwa. Neno lile lilipokuja, kichwa kikasimama. Muuguzi akaendelea kueleza: asubuhi na jioni, saa ile ile, maisha yote, msiruke hata siku moja. Mama alikuwa ameshaondoka pale kwa mawazo, tumebaki na mkoba tu.

Kwa familia nyingine labda neno hilo ni la kawaida. Kwetu si la kawaida. Mama, jina lake Apolonia, alimuuguza mdogo wake Tereza kule Ushirombo miaka ile ambayo dawa za UKIMWI zilikuwa hazijafika vijijini. Kila walipokwenda zahanati waliambiwa kitu kile kile: kinga zake zimeshuka. Zikashuka mpaka mama mdogo Tereza akawa mwepesi wa kubebwa na mtu mmoja, na mtu huyo mmoja alikuwa mama. Tangu hapo, nyumbani kwetu kinga ni kitu cha kupanda. Ikishuka, unaanza kutafuta sanda. Sasa anakuja binti wa watu, kavaa sare nyeupe, anatabasamu, anamwambia mama kwamba watamshushia mtoto wake kinga makusudi, na kwamba hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Mimi ni Marselino. Natengeneza karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Kakola karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Nina domo na nina hasira za karibu, hilo ukifika Kakola hutahitaji kuuliza sana. Na nina figo moja. Ya pili nilimpa mdogo wangu wa kike, Mageni, muuza mchele wa Kagongwa, baada ya zake zote mbili kufa kwa presha aliyokuwa nayo bila kujua. Tulipimwa tukalingana. Daktari mmoja alisema tumelingana kama tumekatwa kwenye kitambaa kimoja, mama akafurahi akasema kitambaa chenyewe ni yeye.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na nasema vizuri kwelikweli. Mageni alirudi sokoni kwake. Mama alihamia kwake Kagongwa kumsaidia kazi za nyumbani na kumwangalia mjukuu, Loveness. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili, na kila Jumapili Mageni alikuwa na malalamiko mapya juu ya figo yangu.

"Kaka, figo yako ina tabia mbaya. Tangu niwe nayo natamani makongoro. Mimi na makongoro wapi na wapi?"

"Imezoea maisha ya Kakola hiyo. Ipe supu yake, isije ikarudi kwa mwenyewe."

Tulicheka. Kisha simu yake ilikuwa inalia, ule mlio wa jogoo aliouweka kwa ajili ya vidonge, naye anavimeza mbele yetu kimoja baada ya kingine. Mama alikuwa anafanya ishara ya msalaba kila simu ilipowika. Nilidhani anavibariki vile vidonge. Sikujua kwamba alikuwa anamkinga mtoto wake dhidi ya vidonge hivyo.

Kulikuwa na daktari mmoja aliyetufuatilia, Daktari Rosemary. Huyu alikuwa mtafiti. Alikuwa anawatembelea watu wa kanda yetu waliopandikizwa figo, akitaka kujua kwa nini mwili mmoja unakaa na figo ya mtu mwingine miaka na miaka, na mwingine, uliolingana nayo vizuri tu, unakuja kuikataa baadaye. Alikuwa anafika Kagongwa na sanduku lake la barafu, anachukua damu, anauliza maswali, anakunywa chai. Hakuwa na maringo. Alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni na mama, na mama alimpenda.

Siku moja Mageni alimuuliza mwili unakataaje.

"Kinga ni walinzi," Daktari Rosemary akasema. "Figo ya kaka yako ni mgeni. Walinzi wakiwa macho sana watamtoa, hata kama kaja kwa wema. Kwa hiyo sisi tunawalegeza kidogo, wamwache akae."

"Mimi mwenyewe naitwa Mageni, daktari. Nilizaliwa nyumba imejaa wageni, hakuna hata pa kulala. Wangewatoa, leo ningeitwa nani?"

Daktari akacheka mpaka chai ikamwagika. Mama hakucheka. Alikuwa anakoroga uji.

Kabla ya kuondoka, Daktari Rosemary alikuwa na swali lake la kila safari. Siku hiyo nilikuwepo, nikalisikia kwa masikio yangu. "Mama, kuna dawa za mganga mnazotumia hapa nyumbani?"

Mama aliweka mwiko chini. "Daktari, mwanangu, mimi ni mama wa WAWATA. Kanisani kwetu kigangoni mimi ndiye ninayeshika bendera siku za sikukuu. Mganga nikamtafute wapi?"

"Samahani, mama. Lazima niulize."

"Umeuliza, nimekujibu."

Na alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuna aliyedanganya siku ile.

Miguu ya Mageni ilianza kuvimba mwishoni mwa msimu wa mpunga. Alisema ni kusimama sana sokoni. Uso ukavimba pia, akasema ni usingizi. Alipoanza kutapika hakusema kitu, alinipigia simu tu akaniambia, "Kaka, njoo," na mimi nikaacha karasha ya watu imefunguliwa katikati nikaja. Tulimpeleka hospitali moja ya Shinyanga. Kwa bahati Daktari Rosemary alikuwa mjini kwa kazi yake, akaja siku ile ile. Walipima, wakapigiana simu na wenzao waliompandikiza, wakarudi kwetu na sura za watu waliokubaliana nani aanze kusema.

"Mwili umeanza kuikataa figo," Daktari Rosemary alisema.

Mimi nimekataliwa na wachumba wawili maishani mwangu, na mmoja alinikataa mbele ya wazazi. Sikuwahi kusikia maumivu kama ya neno lile. Figo yangu mimi, niliyokwenda kwa miguu yangu kutolewa, inakataliwa na mtu niliyembeba mgongoni. Najua si yeye aliyekataa. Najua ni walinzi. Lakini neno ni neno, na kule Kagongwa lilifika kabla hata jua halijazama. Wakaanza kusema kwamba damu ikikataa damu, ndugu hao wana jambo. Wakatafuta jambo lenyewe. Wapo waliosema nilitoa kwa kinyongo. Ningekuwa na nguvu ningekwenda nikawajibu nyumba kwa nyumba.

Madaktari walisema hawajakata tamaa. Kulikuwa na dripu kali za kuwatuliza walinzi, wangempa siku kadhaa mfululizo, waone kama figo itaamka. Ndiyo hiyo iliyokuwa roho yetu yote: figo kuamka. Tulianza kuulizia mkojo wa Mageni kama watu wanavyoulizia mvua.

Mama alifikia kwa binamu yetu pale Ngokolo, mjini hapo hapo, akawa anakuja wodini kila asubuhi na jioni na chupa ya chai yenye uji. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, Mageni kalala, mama akamimina uji kikombeni. Kisha akatoa kopo kwenye mkoba wake wa kanisani, akachota unga wa kijani kijiko kimoja, akachota cha pili, akakoroga. Alifanya hivyo waziwazi, mbele yangu, kama mtu anayeweka sukari.

"Mama, hicho ni nini?"

"Cha kupandisha kinga."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza tena, akanipa kopo nijionee. Lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye misuli, na juu yake maandishi mekundu: HUPANDISHA KINGA HARAKA.

"Umeanza kumpa lini?"

"Tangu tuliporudi kutoka kule kwa madaktari." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Wao wanashusha asubuhi, mimi napandisha asubuhi. Wao wanashusha jioni, mimi napandisha jioni. Wewe ulidhani mtoto wangu alikuwa anasimama kwa nguvu gani?"

"Daktari alikuuliza."

"Aliniuliza habari za mganga. Hiki nimenunua mnadani Kahama, kwa yule kijana wa kipaza sauti, watu wamejipanga. Kina kopo, kina maandishi. Tena si dawa hii, baba, ni majani tu. Na vidonge vyao sikumkatisha hata siku moja, muulize mwenyewe. Mimi si mjinga."

Nikachukua kikombe mikononi mwake, nikamwambia nitamnywesha mwenyewe akiamka, yeye akapumzike. Alikubali. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani. Nilimwangalia akitoka, mgongo umepinda kidogo upande wa mkoba, na nilitaka kumpigia kelele mpaka wodi nzima isikie, na nilitaka kumshika mkono nimvushe barabara. Karasha ikigoma mimi najua pa kupiga nyundo. Pale sikujua nimpige nani.

Nilimpelekea Daktari Rosemary lile kopo. Alilisoma mbele na nyuma, akalifungua, akanusa, akakaa chini kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa.

"Ndiyo hii iliyoua figo?" nilimuuliza.

"Sijui, Marselino."

"Unajua. Sema tu."

"Sijui. Inaweza kuwa. Inaweza kuwa imewaamsha walinzi, inaweza kuwa imevuruga vidonge visifanye kazi. Lakini ninao wagonjwa ambao hawakugusa kitu chochote na miili yao imekataa. Ninao wengine wanaokunywa kila kinachouzwa mnadani na figo zao zinadunda. Ningekuwa najua kwa nini, nisingekuwa nazunguka na sanduku la barafu." Alifunga kopo. "Miaka yote hii nimekuwa nauliza habari za waganga. Sikuwahi kumuuliza mama yeyote anampa mwanawe nini cha kupandisha kinga. Nitaanza kuuliza. Itawasaidia watakaokuja."

"Na sisi?"

Aliligeuza kopo mikononi. Hasira zikanipanda, nikamwambia kumbe sisi ni wale wa kujifunzia. Akasema, "Pole," na alisema kwa namna ambayo sikuweza hata kuendelea kumkasirikia. Nikamuuliza, kijinga tu, kama haiwezekani wakachukua hii iliyobaki. Alishika bega langu, akaondoka na damu ya watu kwenye sanduku lake.

Mageni alipoamka nilimweleza yote. Nilitegemea atalia. Aliangalia dari.

"Nilijua kuna kitu anaweka," alisema. "Uji ulikuwa mchungu. Nilidhani ni mlonge tu, nikasema mlonge ni mboga. Nisingemkatalia, kaka. Ungemwona anavyosimama pale mlangoni mpaka nimalize."

"Lazima aambiwe."

"Aambiwe nini?"

"Kwamba aache."

"Akiuliza kwa nini aache, utamjibu nini?"

Yeye akageuka upande wangu, taratibu kwa sababu ya ile mipira ya dripu. "Mama alimzika mama mdogo akijiona hakufanya vya kutosha. Sasa unataka anizike mimi akijua alifanya zaidi. Hapana. Daktari mwenyewe kasema hajui. Basi na wewe hujui. Niapie."

"Nani kasema unazikwa?"

"Niapie, Marselino."

Nikaapa. Sina sifa ya kutunza siri, kila aliyewahi kuniambia kitu anajua, lakini hii nimeitunza. Mama haijui na hataijua kwangu.

Ikabaki kazi ya uji. Kumwambia mama asilete uji ilikuwa haiwezekani, ungekuwa kama umemwambia asije. Kwa hiyo nikawa namngoja pale mlangoni asubuhi na jioni, napokea chupa ya chai, yeye keshakoroga humo unga wa kopo jingine, namwambia Mageni kalala kidogo, nitamnywesha. Kisha nazunguka nyuma ya wodi, kule wanakoanika mashuka, naunywa mimi. Kuumwaga nilijaribu mara moja. Nilipouinamisha nikaona jinsi alivyousaga ulezi mpaka ukawa laini kama wa mtoto wa kuachishwa ziwa, mkono ukakataa. Niliunywa wote, na uchungu wake, na vile vijiko viwili. Mwanamume wa figo moja, nimejibanza kwenye mashuka ya hospitali, napandishwa kinga.

Nilirudisha chupa tupu. Mama alikuwa anaitikisa kwanza sikioni, akihakikisha.

"Kamaliza?"

"Kamaliza."

"Umeona? Nilikwambia. Hata rangi inaanza kumrudi."

Rangi haikuwa inarudi. Ilikuwa inaondoka, na uso ulikuwa umejaa maji hata macho hayaonekani vizuri. Jioni moja nilimtania kama zamani, nikamuuliza kama figo yangu bado inadai makongoro. Alifikiri kwanza. "Siku hizi haidai kitu," akasema. Nilitoka nje.

Siku waliyotuita, mama alikuwepo. Nilijaribu kumchelewesha, nikamwambia akaninunulie maji, akasema maji yako kwenye mkoba. Daktari wa wodi alisimama miguuni pa kitanda, Daktari Rosemary pembeni yake. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki kama kile cha kwanza. Daktari wa wodi alikuwa kijana, alizungumza polepole na kwa heshima, sina neno baya kwake. Alisema dripu hazikusaidia. Alisema figo haifanyi kazi tena, Mageni atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na itabidi apunguze sana maji. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, kila neno.

"Na zile dawa za kushusha kinga," daktari akasema, "tutazipunguza taratibu mpaka tuziache. Hazina tena kazi."

Kichwa cha mama kikasimama.

"Mnaziacha?"

"Ndiyo, mama."

"Kabisa? Hamtamshusha tena?"

Yule kijana alimwangalia Daktari Rosemary, Daktari Rosemary akaangalia sakafu. "Kabisa, mama," kijana akasema.

Mama aliteremka kwenye kiti akapiga magoti pale pale, mkoba umeanguka, rozari imetoka nje. "Wabeja," alisema, kwa Kisukuma, kama anavyomshukuru Mungu akiwa peke yake shambani. "Wabeja, Baba. Wabeja sana." Kisha akainuka, akawageukia wagonjwa wengine kwa Kiswahili, uso umemwagika machozi. "Wameacha kumshusha mwanangu kinga. Wamekubali wenyewe. Nilikuwa nasema, hakuna aliyenisikia, lakini Mungu kasikia." Mama mmoja wa kitanda cha jirani, ambaye hakujua lolote, akapiga vigelegele. Mwingine akaitikia. Wodi yote ya wanawake ikawa inatushangilia.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nilimtazama mdogo wangu, na yeye alikuwa ananitazama mimi.

Mama alifuta uso, akaokota mkoba. Akafungua chupa ya chai, akamimina uji, akatoa kopo, kijiko kimoja, cha pili, akakoroga. Nikanyoosha mkono kama kawaida yangu. "Nipe, mama. Nitamnywesha akipumzika kidogo."

"Kaka, acha," Mageni alisema. "Leo nanywa mwenyewe."

Daktari Rosemary alipiga hatua moja kuelekea kikombe, kisha akarudi nyuma.

Mageni alijiinua, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa bila kupumzika mpaka akafika chini. Alipomaliza alijipangusa mdomo kwa kiganja.

"Mtamu, mama," alisema.

Mama alichukua kikombe, akachungulia ndani kuona kama kweli ameumaliza, kisha akakifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Kesho nitaongeza kijiko kimoja," akasema.